Pinsi Iliyopita kwa Élise

Tusidanganyane: Mariette alikuwa mwanamke msafi. Katika mtaa ule wa Butembo hakuna aliyenawisha wateja kama yeye. Mlangoni pa saluni yake ya kucha palikuwa na ndoo yenye bomba, imejaa maji ya javel, ile dawa kali ya kuua vijidudu, ndoo ile ile ya wakati wa Ebola, na aliyekataa kunawa alirudishwa njia aliyokuja nayo. Mikono, sawa. Na pinsi, kile chuma cha kukatia ngozi pembeni ya ukucha? Aka! Pinsi aliipangusa kwa kitambaa tu, akamwita mwingine. Javel inaleta kutu, alisema, na pinsi nzuri hazipatikani ovyo ovyo.

Ndivyo ilivyokuwa Jumatano. Wa kwanza kukaa alikuwa Élise, muuza viazi wa Musienene, kidole gumba kimemvimba, usaha unachungulia pembeni.

"Ni mwiba tu, ya Mariette," akasema, akimwita dada kama wote mtaani. "Kata."

Mariette akakata, akapangusa. Wakafuata wenye harusi: Mama Virginie, aliyekuwa anaozesha Jumamosi na akataka vidole vya miguu vipendeze, kisha Agar, binti yake, bibi harusi mwenyewe. Pinsi ile ile. Ilimng'ata Mama Virginie kwenye kidole kikubwa cha mguu, likatoka tone la damu. Wakacheka, verni, rangi nyekundu ya kucha, ikafunika.

Ijumaa asubuhi Agar akaingia anahema, mkono ameushikilia kifuani.

"Ya Mariette, angalia kidole yangu, iko inaniuma! Kesho pete itaingia namna gani?"

Mariette alikitazama kile kidole chekundu, akamkumbuka Élise na usaha wake. Cha Agar kitapona, ni msichana mwenye damu nzuri. Lakini Mama Virginie ana ugonjwa wa sukari! Mtaa mzima unajua. Na mtaa mzima unamjua jirani yake mwenye sukari aliyekatwa mguu kwa kidonda kidogo tu.

"Na mama? Miguu yake inaendelea namna gani?"

"Mama iko muzima. Iko anapikisha tu."

Agar akaenda zake. Mariette akafungua chupa ya verni, akaifunga. Akafagia, akafagia tena palipokwisha kufagiwa. Mteja akaja, akamrudisha. Akasimama mlangoni, akakaa, akasimama. Kama mama anapikisha, si basi mzima? Lakini kama si mzima? Na akienda kusema, nani tena atamletea kucha zake? Watu wa Butembo wameshazika sana. Anayeleta ugonjwa hawamsahau. Aliogopa, jamani, aliogopa hasa. Saa sita akafunga saluni, akaenda kwa Mama Virginie.

Uani wanawake walikuwa wanamenya ndizi. Mama Virginie alikaa kwenye kiti akitoa amri, miguuni amevaa viatu vya kufunika. Mwanamke ambaye nyumbani hakosi kandambili!

"Mama, nilikuwa na neno kidogo. Pembeni."

"Neno gani, mtoto wangu? Kamata kisu, menya."

"Mama, vua kiatu."

"Nivue kwa nini? Niache, niko na harusi."

Basi akasema pale pale, mbele ya wote.

"Mama, Jumatano pinsi yangu ilipita kwa mutu mwenye usaha. Sikuiosha. Nikakukata nayo."

Shangazi mmoja akafyonza. "Yaani unatuletea magonjwa kwa harusi?" Mariette alimtazama Mama Virginie, na Mama Virginie macho yalikuwa yamejaa maji.

"Tangu jana ule mguu siusikii vizuri," akasema polepole. "Nilisema nitaenda Jumatatu, harusi ikiisha."

Akavua. Kidole kilikuwa kimevimba hadi juu, pembeni cheusi, verni bado inang'aa.

Kwenye kituo cha afya munganga Kambere alikipasua, akasafisha, akachoma sindano. Alimkaripia mama kwanza, kisha Mariette, kwa muda mrefu zaidi. Chuma kinachotoa damu kinachemshwa, akasema, mnaosha mikono mkiacha kisu! Na kabla ya kuwaachia akaongeza kwamba mama angengoja hadi Jumatatu, angemtuma akakatwe mguu.

Jumamosi Mariette alisimama nyuma kabisa ya umati mlangoni pa kanisa, tayari kuondoka. Mama Virginie akashuka kwenye gari na fimbo, kitenge kipya, kandambili mguuni na bandeji nyeupe. Wanawake wakamzunguka: shee, mama, umepatwa na nini?

Mama akanyoosha fimbo juu ya vichwa vyao, moja kwa moja hadi kwa Mariette.

"Ni ule kule alinikata."

Watu wote wakageuka. Mariette akatamani ardhi immeze.

"Na ni yeye alikuja kusema. Bengine bangenyamaza. Mariette! Kuja unishike mukono, tuingie."