Heda za Bungoma kwenye Kompaila ya Kitale

Nakumbuka asubuhi moja Kitale, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, ujuaji wangu ulipokaribia kunifanya nirudie mwaka mzima wa mwisho wa chuo. Keti, mwanangu. Hadi leo nikiikumbuka nashusha pumzi.

Programu yangu ya kuweka hesabu ya maziwa ya wafugaji wa Ndalu niliiandika kwa lugha ya C chuoni Bungoma, ikafanya kazi vizuri. Mtihani ukawekwa Kitale, kwenye kompyuta zenye kompaila nyingine, ile programu inayogeuza maandishi ya C yawe kazi ya kompyuta. Ningeanguka, mdogo wangu Nekesa angezidi kukaa nyumbani, kwani baba alisomesha mmoja mmoja.

Nilipoijaribu kabla ya mtihani, kompaila ya Kitale ililalamika kwamba haina heda moja tu, yaani faili la maelezo ambalo programu huliita, ile ya kufuta skrini. Nami, haraka haraka isiyo na baraka, nikatoa disketi na kumwaga heda zote za Bungoma juu ya zile za wenyeji. Makosa yakajaa skrini. Hata programu ndogo ya kusalimu ikakataa. Nililia, sikufichi.

Mwalimu Simiyu, mzee wa maabara ile, akavuta kiti.

"Si heda inaeleza tu vitu viko kwa maktaba ya kompaila yake, ile stoo ya kazi zilizoandikwa tayari?" akaniuliza. "Sasa umeleta maelezo ya Bungoma, na maktaba ni ya Kitale. Ati kwa sababu majina yanafanana? Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, bana."

Alinikemea bila kupaza sauti, kisha akairudisha kompaila upya kutoka kwenye CD. Akaniambia nifute ule mstari wa kusafisha skrini na ule ulioita heda yake, maana wafugaji hawakuihitaji. Tukajaribu tena. Ikakubali. Ah, mwanangu, nilimkumbatia mzee yule! Nikapita, na muhula uliofuata Nekesa akaanza chuo.

Basi sikia. Ukihamia kompaila nyingine, hamisha programu yako, heda ziache kwao. Andika kwa zile za kawaida ambazo kila kompaila inazo. Kilicho cha kompaila moja tu, kitenge kwenye faili lake, ili siku ya kuhama ujue pa kugusa. Na ukikwama, uliza kabla ya kumwaga disketi. Kuuliza si ujinga.

Mungu akupe wa kukukemea mapema, na kazi ya mikono yako ipokewe ugenini kama inavyopokewa nyumbani.