Nani Alipanda Hapa?

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, umande ungali mzito, Esnah Onchiri amesimama juu ya kreti tupu la soda kwenye ukingo wa shamba la mahindi huko Nyakoe, karibu na mji wa Kisii. Sketi yake imelowa hadi magotini. Chai aliyokaribishwa ameikataa, si kwa dharau. Amesema ataionja vizuri akishajua mahindi yana nini.

Mwenye shamba, Obadiah Momanyi, karani mstaafu, amechuma jani lililogeuka njano na analipunga mbele yake kwa hasira.

"Angalia, mama. Hii ni mbegu feki, hakuna kingine. Ingine imefika kifua, ingine iko kwa goti. Na tulipanda siku moja!"

"Weka hiyo jani chini kwanza, mzee," Esnah anamjibu bila kumtazama. "Jani moja haina habari. Wacha nione shamba."

Analitazama kutoka pembe hadi pembe, kidole kikihesabu mistari, midomo ikicheza. Kisha anashuka kretini na kuuliza swali lililomfanya ajulikane kutoka Kenyenya hadi ng'ambo ya Nyamira, swali ambalo wakulima wengi hulipokea kwa kukunja uso.

"Nani alipanda hapa?"

Esnah ana umri wa miaka 46 na watoto wanne. Hana cheti cha kilimo wala hajifanyi kuwa nacho. Aliacha shule darasa la saba kwao Nyamarambe, akaolewa Kenyenya, na kwa miaka kumi na tisa amelima mashamba ya watu kwa jembe. Kibarua cha kutoka asubuhi hadi saa saba mchana humpa shilingi 300, na palizi ikipamba moto hupata siku nne kwa wiki.

Kwa kazi ya namna hiyo, anasema, mtu hana mali nyingine ila jina lake. "Ukiharibia mtu mmoja shamba, siku ya soko kila mtu anajua. Utakaa kwako na jembe yako."

Jina hilo alikaribia kulipoteza miaka miwili iliyopita, katika nusu ekari ya jirani yake Celestine Ombui, ambaye wengi humwita Mama Cynthia.

Mume wa Celestine alizikwa mwezi wa Desemba. Februari, mvua iliposhika, wanawake kumi na mmoja wa kikundi chao cha kusaidiana, egesangio kama wanavyokiita, walikwenda kumpandia mahindi. Hapo hakuna malipo. Leo wanapanda kwa huyu, kesho kwa yule, hadi wote waishe.

Kupanda kwao kuna utaratibu usiobadilika. Kila mmoja hushika mistari minne, kutoka juu ya shamba hadi chini. Gesare, aliye mkubwa kuliko wote, huanzia upande wa migomba, na wengine hufuata kwa jinsi walivyojiunga na kikundi. Nafasi ya Esnah ni ya nne. Kila shimo hupata mbegu mbili na kizibo kimoja cha soda cha mbolea.

Mbolea ya Celestine ilikuwa mfuko mmoja wa kilo 25. Aliupata kwa kuuza mikungu ya ndizi hadi shina la mwisho lililokuwa limekomaa, na hakuna aliyepanda siku hiyo ambaye hakulijua jambo hilo.

Mwishoni mwa Machi, shamba lilianza kumtisha. Mahindi mengine yalimfika kiunoni, mengine yalidumaa na kuwa ya njano. Celestine alipiga picha ya jani moja kwa simu, akaenda nayo kwenye duka la pembejeo. Muuzaji, kijana aitwaye Ronny, aliitazama na kutikisa kichwa.

Aliona ule ugonjwa uliowahi kufagia mahindi ya watu miaka ya nyuma, ule usio na dawa. Akamshauri ang'oe yote na kuchoma kabla wadudu hawajaueneza kwa majirani.

Habari hiyo ilifika kijijini kabla ya Celestine mwenyewe. Majirani hawakumwacha apumue. Waliokuwa wakimletea uji wa matanga sasa walikuja kuuliza atang'oa lini. Kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na hakuna anayeshika jembe, ikaamuliwa kazi ifanyike Jumapili asubuhi, na kikundi kile kile kilichopanda ndicho kingeng'oa.

"Hiyo shamba ndiyo ilikuwa chakula yetu ya mwaka," anakumbuka Celestine. "Niliwasha moto wa kuchomea na mkono yangu mwenyewe. Nililia hadi nikachoka kulia."

Jumapili hiyo Esnah alikuja kwa njia ya juu, inayopita kwenye mwinuko ulio nyuma ya shamba. Siku nyingine asingepita huko. Alikuwa amekwenda kuazima panga. Na kwa sababu alikuwa juu, aliona kitu ambacho picha ya jani moja haingeweza kumwonyesha Ronny wala mtu mwingine.

Njano ilikuwa imejipanga. Kulikuwa na ukanda wa kijani, ukanda wa njano, ukanda wa kijani tena, na kila ukanda wa njano ulikuwa na mistari minne kamili, haukuvuka hata shina moja.

"Nikajiuliza, huu ni ugonjwa gani unajua kuhesabu hadi nne?" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Ugonjwa haijui mimi nilipanda wapi na Gesare alipanda wapi."

Kicheko kinamwisha. Alihesabu kanda kutoka upande wa migomba. Ya pili ilikuwa ya njano, na ya nne, na ya tisa. Akahesabu tena, akitumaini amekosea. Ya nne ilikuwa yake.

Alikumbuka yote papo hapo. Siku ya kupanda, alipotazama mfuko na kuona unavyopungua haraka, moyo ulimwuma. Alihofu mbolea itaisha kabla shamba halijaisha, na mjane huyo angetoa wapi pesa ya mfuko mwingine? Basi akaanza kutia nusu kizibo. Kufikia chini ya shamba alikuwa akinyunyiza chembe chache tu kwa ncha za vidole. Hakumwambia mtu, na usiku huo alilala akijiona mwema.

Esnah anakiri kwamba hapo juu njiani, panga mkononi, alifikiria kunyamaza. Mahindi yangeng'olewa, moto ungekula ushahidi, na jina lake lingebaki safi. Akisema, atakuwa ndiye aliyeharibia mjane shamba, na kibarua cha wiki ijayo alikuwa ameshaahidiwa.

"Nilisimama hapo muda mrefu," anasema. "Nikaona moshi ya Mama Cynthia. Nikajua nikichelewa, watakuwa wameanza."

Aliteremka mbio. Wawili walikuwa wameshainama. Akawapigia kelele waache, kisha akawaomba wasimame kila mmoja mbele ya mistari aliyopanda, kama walivyosimama Februari. Walinung'unika, lakini walijipanga. Akawaambia watazame mbele yao.

Kwanza aling'oa shina moja kwenye mistari yake mwenyewe. Akaonyesha jinsi njano ilivyoanzia kwenye majani ya chini, ya zamani, ikaingia kutokea ncha na kufuata mshipa wa katikati, huku majani machanga ya moyoni yakiwa bado na uhai. Ule ugonjwa aliwahi kuuona alipokuwa akilima vibarua, na huo huanzia kwenye majani machanga, na moyo wa mmea hufa kwanza. Akapasua shina kwa panga. Ndani lilikuwa jeupe na safi.

"Hii ni njaa," aliwaambia. "Na ni mimi niliinyima chakula. Niliweka nusu kizibo, Mama Cynthia. Nilikuwa naonea mbolea yako huruma. Nisamehe."

Akaliweka lile shina lililopasuliwa miguuni pa Celestine.

Kisha kutoka upande wa migomba, kwenye ukanda wa pili, Mama Duncan akakohoa. "Hata mimi," akasema. "Nilikuwa naweka nusu."

Na kutoka ukanda wa tisa, sauti nyingine, nyembamba kwa aibu: "Eh, Nyasae, Mungu wangu. Na mimi."

Wanawake watatu, kila mmoja kwa siri yake, walikuwa wameuhurumia mfuko mmoja. Celestine aliwatazama mmoja mmoja. Halafu akaingia nyumbani na kutoka na mfuko ule ule, ndani yake kukiwa bado na mbolea zaidi ya gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili. Tangu Februari alikuwa akijiuliza ilibakije.

"Nilianza kucheka," anasimulia Celestine. "Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Gesare akaanza, wote wakaanza. Tulicheka hadi jirani akakuja kuuliza kama tumeingiwa na wazimu."

Jirani huyo na wenzake hawakuridhika na kicheko, na haki yao. Walitoa wiki mbili: mahindi yasipobadilika, yachomwe. Jioni hiyo kila mwanamke wa kikundi alirudi na kopo la mbolea ya kukuzia, aliyokuwa ameiweka kwa shamba lake mwenyewe. Esnah alileta makopo matatu, yaani yote aliyokuwa nayo. Safari hii kila shimo lilipata kizibo kizima, na hakuna aliyethubutu kumhurumia mtu.

Mvua ilinyesha siku ya tatu. Siku ya kumi na moja, kabla ya jogoo wa pili kuwika, Celestine alimgongea Esnah dirisha.

"Amka ukaone," alimwambia. "Laini zako zimeamka."

Walikwenda pamoja, wakasubiri kupambazuke. Majani mapya yalikuwa yametoka mapana, ya kijani kibichi, kwenye kanda zote tatu. Esnah hakuona haya kulia. Hata Ronny alifunga duka mchana na kuja kujionea, akapita mstari kwa mstari, mwishowe akamwomba Celestine radhi mbele ya watu.

"Nilihukumu shamba nzima kwa jani moja," anasema Ronny, ambaye siku hizi hauzi dawa kwa picha. "Sasa mtu akikuja na picha namwambia, rudi upige ukiwa mbali. Na kama bado sielewi, napigia Mama Esnah."

Agosti, nusu ekari ile ilitoa magunia saba. Mwaka wake mzuri kabla ya hapo ilikuwa imetoa matano. Mistari minne ya Esnah haikufikia ya Gesare, na Gesare hajaacha kumkumbusha, lakini ilizaa. Na kibarua alichoogopa kukipoteza? Aliyekuwa amemwahidi alimwita mapema zaidi. Alisema anataka mtu atakayemwambia ukweli shamba likiharibika.

Tangu wakati huo Esnah ameitwa kwenye mashamba 63, Kisii na Nyamira. Huchukua nauli na malipo yake yale yale ya asubuhi moja. Mara nne ameukuta ugonjwa wenyewe, ukiwa umetawanyika bila kufuata mistari, mioyo ya mahindi imekufa, na mara zote nne amewaambia wenyewe wang'oe siku hiyo hiyo. Kwingine amekuta maji yaliyotuama, udongo wenye asidi uliohitaji chokaa, mbolea iliyogusa mbegu ikaiunguza, na binadamu.

"Binadamu ndio wengi," anasema.

Huko Nyakoe, Obadiah bado hajajibu swali aliloulizwa. Anasema alipanda mwenyewe na vibarua wawili, wakichanganyika. Esnah anaingia shambani. Njano ya hapa haifuati mistari wala haikutawanyika. Imekaa mahali pamoja, duara lenye upana wa hatua kama kumi na tano. Anachimba katikati yake kwa jembe na kuinua udongo. Ndani yake mna vumbi jekundu la mbao.

"Mzee, hapa kulikuwa na nini?"

Obadiah anakwaruza kidevu. Hapo ndipo mikaratusi yake ilipopasuliwa mbao mwaka jana. Vumbi la msumeno lilikuwa limejaa, akaona lisipotee bure. "Nikalichimbia ndani. Niliona inaoza, nikajua ni mbolea."

"Itakuwa mbolea, lakini si saa hii. Ikioza inakula kwanza, na imekula chakula ya mahindi yako." Anamwelekeza aongeze mbolea ya kukuzia kwenye duara hilo pekee, udongo ukiwa na unyevu, na akumbuke kwamba mbegu haikuwa na kosa.

Obadiah anatazama jani alilokuwa ameliweka chini, kisha anacheka kwa sauti kubwa na kuita chai iletwe tena. "Kumbe ni mimi!"

"Ni wewe, mzee. Lakini si wewe peke yako," Esnah anamwambia, na sasa anaipokea chai.

Ana mpango. Kikundi chao kimekubaliana na mwenye nusu ekari iliyo kando ya barabara ya Kenyenya, na kuanzia msimu ujao watakodi kipande hicho wakipande pamoja, ili kila anayepita aone. Wamenunua vizibo? Anacheka tena. Vizibo havinunuliwi, lakini vimechaguliwa vya ukubwa mmoja, vikatobolewa, na kila mwanamke anacho chake shingoni kwa uzi.

Na mbele ya kila mistari minne kutakuwa na kigingi chenye jina la aliyeipanda, kikiangalia barabara. Wengine waliona aibu, wakauliza itakuwaje mahindi yakigeuka njano mbele ya macho ya watu wote.

Esnah ameshachonga chake. Kiko kwenye mkoba wake, kipande cha mti wa mkaratusi, herufi zimechomwa kwa msumari wa moto: ESNAH. Anakifuta kwa kiganja, kisha anakirudisha.

"Ikiwa njano, mtu atasoma jina yangu, atakuja kuniita," anasema. "Na mimi nitatoka nyumbani mbio."