Zamu ya Pili

Soko la Jumatano lilimjua Welmince Lanmai kwa ulimi wake. Mahindi yake aliyauza kwa lugha nne: Kiabui cha marehemu mumewe, Kikamang cha wakwe wa bintiye, Kialor cha wachuuzi wa samaki, na Kiindonesia kwa walimu na wauguzi. Watu walimsifu, naye sifa zile hazikumpa raha hata chembe. Kikolafui, lugha aliyoinyonya kwa mamaye, hakuwa na wa kukiongea naye ila mzee Obaja, msusi wa vikapu, aliyewahi kumposa ujanani akakataliwa. Wakolafui wengine wote walikuwa makaburini, na watoto wao walishamezwa na vijiji vya watu.

"Bado unapumua, mzee?" alimwuliza kila Jumatano, akimpa tambuu.

"Napumua kwa ajili yako. Tangulia wewe, mimi nitafuata."

"Kweli? Si ulipokuwa ukinitaka uliapa kunipa chochote? Haya, nami nataka kutangulia!"

"Ungenikubali, ungepewa. Mimi ndiye mkubwa, zamu ni yangu."

Walicheka mpaka mate mekundu yakawatoka, lakini utani huo ulikuwa na jambo ndani yake. Kwao, maiti huelekezwa njia kabla ya kufukiwa: toka mlangoni, shika bonde, vuka kivuko, panda mpaka kwa mababu. Huelekezwa kwa Kikolafui, maana mababu hawajui kingine. Asiyeelekezwa hubaki akizurura. Atakayekufa kwanza kati yao angekuwa na mwenziwe wa kumwelekeza. Wa pili asingekuwa na mtu, na Welmince aliiogopa zamu hiyo kuliko kifo chenyewe.

Aliwahi kumweleza bintiye, Martensi.

"Mama, si mchungaji atakuombea?"

"Mchungaji wako anakijua kivuko?"

Martensi alicheka, akaendelea kupepeta mahindi.

Mvua za kwanza zilipoanza, Obaja aliugua siku mbili, akafa. Mchungaji alimwombea kwa Kiindonesia, wapwa wakamlilia kwa Kiabui, kisha Welmince akasogezwa mbele. Alipiga magoti kando ya kaburi. Hakuwahi kumkasirikia mtu kiasi kile.

"Umeniweza, mzee," alisema.

Akaanza kumwelekeza, jiwe kwa jiwe, bila haraka. Maiti husukumwa tu kwa maneno, aende asigeuke nyuma. Hakuna amwambiaye asimame, kwa kuwa aliyesimamishwa huweza kurudi kumchukua aliye hai. Welmince alilijua hilo tangu utotoni. Lakini maelekezo yalipofika kivukoni, aliyaacha.

"Obaja, kaa hapo hapo. Usivuke. Nisubiri, baba, mimi sina wa kunielekeza."

Akajiziba mdomo. Zamani bibi zake wangemchapa makofi palepale, wakarudia maneno yote upya ili kuifuta aibu ile. Aliinua macho akawatazama waombolezaji, akingoja. Walikuwa wametulia, vichwa vimeinama.

"Amina," mmoja akasema.

Martensi alimpapasa mgongo. "Umesema vizuri sana, Mama."

Welmince aliendelea kungoja mtu wa kumkaripia. Aliyebaki wa kumkaripia ni mmoja tu, na wapwa zake walikuwa wameanza kumfukia.