Maharage ya Mama Rozi

Ferista, ambaye mji mzima wa Mpemba unamwita Mama Rozi, ana ulimi mwepesi na mkono mzuri wa maharage. Alitoka Mbozi kwa kuolewa, akafungua banda la chakula kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Madereva huja kula, na huja kucheka.

Mwaka huu wakaja wataalamu wawili wa nishati ya kupikia. Samwel alikuwa mtu wa gesi, Fides mtu wa sufuria ya presha ya umeme. Walikula kwake kila mchana, na kila mchana walibishana.

"Hesabu zako zimechukulia kwamba umeme haukatiki," Samwel alisema.

"Na zako zimechukulia kwamba mitungi ya gesi inafika vijijini yenyewe, kwa miguu," Fides akamjibu.

Mama Rozi akawawekea ugali. "Wanangu, mkaa wangu haubishani na mtu. Leteni vyombo vyenu tupike."

Wakaleta. Mama Rozi akawapimia maharage kwa kopo moja. Yake yalikuwa tayari sufuriani, yamefunikwa. Majiko yakawashwa kwa pamoja.

Ya mkaa yakaiva kwanza. Fides alipofungua presha yake, maharage yaligongana kama kokoto. Ya Samwel ndiyo kabisa, hata kuyatazama ilikuwa aibu.

Wangeweza kuuliza maharage yametoka wapi. Badala yake wakaanza kueleza. Samwel alisema ni baridi ya nyanda za juu. Fides alisema umeme wa siku ile ulikuwa mdogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, wakakubaliana: jiko la Mama Rozi lazima liwe na udongo wa ajabu. Samwel akapiga magoti kulipiga picha.

Hapo Mama Rozi akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia.

"Yenu ni ya mwaka juzi, nimeyafukua nyuma ya stoo! Yangu ni mapya, na yamelala kwenye maji tangu jana. Mbona hamkuuliza?"

"Tulidhani maharage ni maharage," Samwel alisema, akajifuta magoti, akanuna.

Fides alicheka, kisha akamkazia macho mwenyeji wake. "Tunarudia, mama. Safari hii nagawa mimi."

Wakarudia kwa maharage mapya, yote yamelowekwa. Fides akapakua sahani tatu bila kusema ipi ni ya nani.

"Mkaa hata nikifumba macho naujua," Mama Rozi alijigamba. Akaonja zote, akainyooshea kidole sahani ya katikati. "Hii! Umeme unachemsha tu, haupiki."

Ya katikati ilikuwa imetoka kwenye presha.

Makoye, dereva aliyekuwa akisubiri chai, aliruka kwa furaha akagonga kichwa kwenye bati. Mama Rozi akaonja tena, na tena, akasema chumvi ndiyo iliyomchanganya. Hakuna aliyemwamini, naye mwenyewe hakujiamini.

Wataalamu walipofunga safari, aliomba ile sufuria ya umeme ibaki, "niendelee kuichunguza." Bado anaichunguza. Maharage yanaiva kwa umeme nyuma ya pazia, na umeme ukikatika anarudi kwenye mkaa bila kumwambia mtu. Mbele ya wateja, jiko la mkaa linachemsha chai.

"Ladha ya mkaa haina mpinzani," madereva humwambia, wakilamba vidole.

Mama Rozi huwaongezea mchuzi, akatazama pembeni.