Mchezo wa Kijiji

Mchezo wenyewe ulitoka wilayani ukiwa umekunjwa ndani ya gazeti: karatasi kubwa yenye mchoro wa kijiji, kadi kumi na mbili, dadu moja, na ukurasa mmoja wa sheria. Kila mchezaji huchukua kadi, na kadi ndiyo inayomwambia yeye ni nani: mwenyekiti, mfugaji, mjane, mlevi, mvivu. Hurusha dadu, husogeza punje yake ya mahindi, na akifika penye tatizo ni lazima aseme na kutenda kama mtu wa kadi yake mpaka wenzake waridhike. Mimi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima nje kidogo ya Mtinko, ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha wanakijiji sheria hizo, wakati ule watu walipokuwa wakihimizwa kuhamia vijiji vya ujamaa.

Niliona ni kazi ya wiki moja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na haraka. Mwanangu wa miaka mitatu nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu Kiomboi, na bwana maendeleo wa wilaya alikuwa ameniahidi kwa kinywa chake: siku wanakijiji watakapocheza mbele yake bila kusukumwa, atapeleka barua yangu ya uhamisho. Kwa hiyo darasani humo ni mimi peke yangu niliyecheza roho ikiwa mkononi.

Siku ya kwanza mama mmoja alipata kadi ya mvivu. Akaisoma herufi kwa herufi, kama nilivyomfundisha, kisha akailaza mezani kifudifudi.

"Mimi nalima na mtoto mgongoni, mwalimu. Leo nisimame niseme mimi ni mvivu? Mume wangu akisikia?"

Aliyepata mlevi alikuwa mzee wa kanisa, akataka abadilishiwe. Aliyepata mjane aliondoka bila kuaga, na kesho yake mumewe akaja kuniuliza kama ninamtakia kifo. Nilikuwa mbogo. Niliwaona vichwa vigumu, na ilinichukua muda kukubali kwamba mgumu ni mimi. Kwa watu wale, mtu akisimama mbele ya wenzake akasema "mimi", basi ni yeye. Sheria yangu ilitaka waseme "mimi" wasiwe wao. Mnyiramba peke yangu kati ya Wanyaturu, sikukosa kutaniwa: "Ninyi wa kwenu ndio hodari wa kudanganya kwa uso mkavu. Tuonyeshe." Nilieleza mpaka koo likakauka.

Aliyenitoa shimoni ni baba mwenye nyumba wangu. Alikuwa mzee mfugaji, tembe lake liko mbali na barabara, na mimi nilikaa chumba cha mwisho katika tembe hilo. Wazazi wake walizikwa nyuma ya zizi. Mara mbili alikuwa ameombwa kuhamia kijijini, na mara mbili alikataa kwa adabu, akawapa wajumbe maziwa, akawasindikiza.

Siku moja aliichukua kadi ya mvivu bila kuombwa. Akajilaza kwenye benchi, akalalamikia jua, akaagiza maji, yalipoletwa akauliza nani atamshikia kikombe. Watu walicheka mpaka machozi. Kisha akainuka, akajikung'uta.

"Nimemvua yule mtu. Anavaliwa kama koti. Mmeona?"

Walikuwa wameona. Baada ya hapo kila mtu alitaka koti. Mzee wa kanisa alilewa vizuri kuliko walevi.

Bwana maendeleo alikuja asubuhi moja kutazama mchezo. Kabla hata ya kuketi aligonga mkoba wake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Barua yako imo humu, ndugu mwalimu." Nikagawa kadi. Mzee mwenye nyumba wangu akapata ya mkulima anayekuwa wa kwanza kuhamia kijijini. Niliiona juu ya bega lake. Sheria ziliruhusu kadi ibadilishwe mara moja, na mimi ndiye niliyepaswa kumkumbusha. Sikumkumbusha.

Alisimama. Alisema anahama baada ya mavuno. Alisema wajukuu wamechoka kutembea kwenda shule, na akataja vijana watakaombebea nguzo, na mahali atakapojenga, karibu na kisima kipya. Alilivaa koti lile mpaka vifungo. Watu wakapiga makofi.

Bwana maendeleo akainuka, akamshika mkono. "Safi sana, mzee! Lori nitalileta mwenyewe."

Watu wakacheka, wakidhani naye amepewa kadi. Akatoa daftari, akauliza jina la mzee, akaandika. Kicheko kikafa. Wote wakanigeukia mimi, mwenye sheria. Maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: ndugu, mzee alikuwa anaigiza. Nikautazama mkoba. Nikainama, nikaanza kuokota punje za mahindi.

Mzee alinitazama, kisha akamtazama bwana maendeleo. "Sawa," akasema.

Kesho yake nilimwomba aende akakanushe. "Ahadi ni deni, mwanangu," alijibu, akaendelea kukamua. Nilimkasirikia. Nilijiambia amejifunga mwenyewe kwa ushamba wake, kwamba nilimfundisha tofauti ya mchezo na kweli akakataa kuelewa. Mtu mwenye hatia hupata la kusema.

Mavuno yalipoisha lori likaja kweli. Tulikuwa tukishusha nguzo za paa, yeye juu na mimi chini, vumbi la udongo likitujaa machoni, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia ningeweza kusema siku ile, nikanyamaza kwa ajili ya barua.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona ukiinama. Ningekana, yule bwana angesema mwalimu amewafundisha watu kumchezea. Ungekaa hapa mpaka uzeeke." Akanipa nguzo nyingine. "Mtoto wa miaka mitatu hasubiri. Mimi wangu wamekwishakua."

Nikaipokea nguzo. Hapo nikajua kwamba sheria za mchezo alizielewa kuliko mimi.

"Barua imetoka?" akauliza.

Ilikuwa imetoka juzi yake. Ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa sketi yangu, na ilisema kwamba kwa kuwa mchezo umefanikiwa mno, nitabaki hapo hapo niufundishe katika vijiji vyote vya tarafa.

Nikamtazama alivyosimama juu ya ukuta wa babake, akingoja.

"Imetoka, baba," nikasema. "Nakwenda Kiomboi."

Akacheka kwa furaha, akainamia nguzo iliyofuata.