Mtunza Barua wa Makutano

Gatakaa Kiambi aliingia jikoni mwa ofisi kujimiminia chai, na watu waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Kiende wa mapokezi aliilaza simu yake kifudifudi mezani. Mtu mmoja akaanza kuongea habari za mvua, na wengine wakaitikia kwa haraka, kana kwamba ndizo walizokuwa wakizungumza tangu mwanzo. Gatakaa alichukua kikombe chake akarudi chumbani kwake, kile chumba kidogo chenye seva na feni isiyonyamaza, akafunga mlango.

Alikuwa mzaliwa wa Githongo, binti wa wakulima wa kahawa. Alisomea kompyuta Embu, kisha akaajiriwa na shirika moja la wakulima lenye ofisi Makutano, mjini Meru, ghorofani juu ya duka la mbolea. Shirika hilo lilihudumia watu wa kahawa huku juu na watu wa ndengu na mtama kule chini Mbeere. Wakuu wake hawakutaka barua pepe zao zikae kwa watu wasiowajua, kwa hiyo walikuwa na seva yao wenyewe, kompyuta ya kupokea na kupeleka barua, na Gatakaa ndiye aliyeitunza. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza kiooni. Alifungua dirisha jeusi, akaandika neno, ikamjibu kwa maneno. Akiandika mailq alionyeshwa barua zilizokwama kwenye foleni. Akiandika mail alituma barua au alizisoma.

Mwaka wake wa pili kazini, mwizi wa mtandaoni aliiba neno la siri la karani mmoja akaitumia seva kutapanya barua za uongo duniani kote. Foleni ilijaa mpaka barua za kweli hazikuweza kutoka. Gatakaa alikaa mbele ya wakuu waliokuwa wamemzunguka kwa wasiwasi, akaandika mstari mmoja, na barua zote za yule karani zikafutika kwenye foleni mara moja. Wote walifurahi. Lakini baada ya siku chache mhasibu alimuuliza, akicheka kidogo, "Kwa hiyo hata zangu unaweza kuzifuta bila mimi kujua?"

"Naweza," alisema Gatakaa, "lakini sitafanya hivyo."

Mhasibu hakuuliza tena. Ila tangu siku hiyo, Gatakaa akipita nyuma ya kiti chake, alikuwa anafunga alichokuwa anaandika.

Sasa mambo yalikuwa yamezidi. Wiki iliyotangulia, lori moja lilipanda kutoka Ishiara likiwa limebeba wakulima, wanawake kwa wanaume, wakasimama chini ya ofisi wakiuliza kwa nini ghala lao linafungwa. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba ghala litafungwa. Hata halmashauri ya shirika ilikuwa bado haijakutana. Lilikuwa wazo tu, ambalo meneja, Madam Ednah Wanjugu, aliliandika katika barua kwa anwani ya uongozi, yaani yeye mwenyewe na wakuu wa idara. Lakini mama mmoja wa Ishiara aliyarudia maneno ya barua ile karibu neno kwa neno, mpaka pale Madam Ednah alipoandika kwamba ghala hilo "linakula kuliko linavyozaa."

Madam Ednah alimwita Gatakaa ofisini kwake, akafunga mlango.

"Barua ile niliiandika mimi," alisema. "Nikawapelekea watu wa uongozi peke yao. Na wewe."

"Mimi sikupelekewa, Madam. Simo kwenye uongozi."

"Hukuhitaji kupelekewa."

Gatakaa alitaka kusema kwamba hajawahi kufungua barua ya mtu, na ilikuwa kweli, lakini aliona kwamba hata akisema hakuna njia ya kuthibitisha.

"Sisemi ni wewe," Madam Ednah akaendelea. "Nasema nitafutie ni nani. Kama si wewe, utampata."

Gatakaa alitoka akiwa tayari ana jina moja kichwani. Katika watu wa uongozi, mmoja tu ndiye aliyetoka Ishiara: Njoka, msimamizi wa maghala, mtu mpole anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Mama yake Njoka alikuwa bado anauza ndengu katika soko la Ishiara. Kila mwisho wa juma Njoka alikuwa anateremka nyumbani. Nani mwingine angeona uchungu wa ghala lile?

Hakuwa peke yake kuwaza hivyo. Jikoni, Kiende alimwambia kwa sauti ya chini, "Hawa watu wa huko chini husaidiana. Wewe unajua." Gatakaa hakupenda maneno hayo, lakini hakuyakataa.

Siku mbili alimchunguza Njoka kwa macho. Aliona jinsi alivyotoka nje kupokea simu, na jinsi alivyozungumza Kimbeere kwa haraka akiwa amegeukia ukuta. Aliona jinsi alivyozima kompyuta mapema. Kila alichofanya kilikuwa na harufu ya hatia. Siku ya tatu, mchana, wenzake walipokwenda kula, alifungua dirisha jeusi akaandika mail -u njoka, amri ya kufungua sanduku la barua la Njoka.

Kidole chake kilikaa juu ya kitufe. Alijua anachofanya. Aliyemfundisha kazi hiyo, Mutwiri, kabla hajahamia Nairobi alikuwa amemwambia kwamba mtu mwenye ufunguo wa nyumba zote hana budi kuwa mtu asiyependa kutembelea nyumba za watu. Alikumbuka maneno hayo vizuri kabisa. Akabonyeza.

Barua za Njoka zilijipanga. Gatakaa alitafuta Ishiara, akatafuta ghala, akatafuta majina ya wakulima. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na hesabu za magunia, malalamiko juu ya panya, na barua moja aliyojitumia kutoka kwenye anwani yake ya nyumbani. Ilikuwa maombi ya kazi kwa shirika jingine lililoko Embu, na iliandikwa kabla ya mambo ya ghala kuanza. Sababu za kuondoka alizitaja kwa mstari mmoja: anatafuta mahali ambapo itapimwa kazi yake, si kwao alikotoka.

Gatakaa alisoma mstari huo mara mbili. Kisha alitoka kwa kubonyeza x badala ya q, ili barua zibaki kama ambazo hazijaguswa na mtu. Vidole vilifanya hivyo vyenyewe, na hilo ndilo lililomtia baridi baadaye: kwamba hata kuficha alama za miguu yake alikuwa anajua.

Jioni hiyo alikutana na Njoka ngazini. Mvua ilikuwa inanyesha na wote wawili walisimama mlangoni wakingoja ipungue. Gatakaa alijisikia vibaya, akataka kusema neno jema.

"Watu wanasema mengi," alimwambia. "Usijali sana. Na Embu utakuwa karibu na nyumbani."

Njoka aligeuka polepole.

"Embu?"

Gatakaa aligeukia mvua.

"Sijamwambia mtu habari za Embu," alisema Njoka. "Hata mke wangu sijamwambia." Alimtazama kwa muda, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayelisoma tangazo ukutani ambalo amekuwa akilipita kila siku. "Kwa hiyo ni kweli wanavyosema juu yako."

Akafunga koti lake akatoka mvuani.

Gatakaa hakupata usingizi mzuri. Asubuhi alifika ofisini kabla ya wengine, akafanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Badala ya kumtafuta mtu, aliifuata barua yenyewe. Aliandika barua ya jaribio ya neno moja akaituma kwa anwani ya uongozi kutoka kwenye dirisha lile lile jeusi. Kisha akafungua kumbukumbu za seva, mahali ambapo kila barua huacha mstari kila inapopita, akatazama mistari ikishuka.

Nakala ya mhasibu iliingia. Ya Njoka iliingia. Ya meneja iliingia, na baada yake ukatokea mstari mwingine: nakala ya meneja ilikuwa imetoka nje ya seva, ikaenda kwa anwani ya mtu binafsi. Anwani hiyo ilikuwa na jina la Kaimenyi.

Mzee Kaimenyi alikuwa meneja kabla ya Madam Ednah. Alikuwa amestaafu zamani, akapewa mbuzi na saa ya ukutani, akarudi shambani kwake Githongo. Sanduku la barua la meneja lilikuwa la cheo, si la mtu, hivyo Madam Ednah alipochukua kiti alilichukua na sanduku. Gatakaa aliorodhesha mafaili yaliyomo, hata yale yanayoanza na nukta ambayo seva haiyaonyeshi mpaka uombe. Hapo palikuwa na faili la mstari mmoja, .forward, likiamuru kila barua ya meneja ibaki na nakala iende kwa Mzee. Mutwiri alikuwa ameliweka enzi za Mzee, aliyetaka kusoma barua akiwa safarini. Hakuna aliyelitoa.

Madam Ednah alipoonyeshwa, alivuta kiti akausoma mstari ule mwenyewe. Barua zake zote, za kazi na zile alizowaandikia wakuu juu ya tabia za watu, zilikuwa zimesomwa Githongo.

Walikwenda huko wote wawili. Mzee Kaimenyi aliwapokea vizuri, akaita chai. Alipoelezwa hakukana.

"Zilikuwa zinakuja," alisema. "Mimi sikuziomba. Naamka asubuhi, nakamua ng'ombe, halafu nakaa hapa nazisoma. Nilidhani labda mnataka nijue shirika linaendeleaje."

"Mzee, ulijua hatukutaka," alisema Madam Ednah kwa upole.

Mzee alizungusha kikombe chake. "Mwaka wa kwanza sikujua. Baadaye nilijua." Akamtazama Gatakaa. "Mwari wa Kiambi, binti yetu, baba yako alikuwa mwanachama wangu. Unajua mtu akikaa bila kuulizwa neno na mtu yeyote inavyokuwa? Nilikwenda mazishi ya rafiki yangu Nyaga huko Ishiara, watu wakanizunguka kama zamani, wakaniuliza habari. Nikawapa habari, na ile ya ghala."

Njiani kurudi, Madam Ednah alisema atalimaliza jambo hili kwa siri. "Ulifute hilo faili, na tunyamaze. Yule ni mzee, ni mtu wa kanisa. Tukimwanika tutapata faida gani?"

"Na Njoka?" aliuliza Gatakaa.

"Njoka hajashtakiwa na mtu."

"Hajashtakiwa, Madam, lakini ameshahukumiwa." Kisha Gatakaa akaongeza, "Na kuna jambo jingine. Nilifungua sanduku lake."

Madam Ednah alitazama nje ya dirisha la gari mpaka walipofika Makutano.

Kesho yake Gatakaa alifuta lile faili. Kisha, bila kuomba ruhusa, alikaa mbele ya dirisha jeusi akaandika barua kwa wafanyakazi wote. Alieleza kwamba maneno ya uongozi yalitoka kwa sababu ya mpango wa zamani uliosahaulika ndani ya seva, na kwamba hakuna mfanyakazi aliyeyatoa. Jina la Mzee hakulitaja. Halafu akaandika kwamba katika kutafuta, yeye mwenyewe alisoma barua za mwenzake asiye na kosa, na kwamba ingawa ni mtunza seva, hakuwa na haki hiyo. Aliisoma mara moja, akaituma, akaandika mailq. Foleni ilikuwa tupu. Ilikuwa imeshafika kwa kila mtu.

Alipewa onyo la maandishi, na nusura afukuzwe. Halmashauri iliteremka Ishiara kuzungumza na wakulima ana kwa ana, na baada ya maneno mengi makali walikubaliana ghala libaki, wakulima wenyewe wasaidie kulisimamia. Pale ofisini watu hawakumpenda Gatakaa zaidi. Wengine walisema heri amesema ukweli. Wengine walisema, sasa amekiri mara moja, je, mara zile ambazo hakukiri? Kiende alianza kuandika ujumbe wake wote kwenye simu yake mwenyewe.

Njoka alipata kazi ya Embu. Siku yake ya mwisho alipaswa kukabidhi funguo za maghala, na Gatakaa alipaswa kulifunga sanduku lake la barua. Alimpigia simu ya ndani.

"Njoo ukae hapa ninapolifunga," alimwambia. "Nisilifunge peke yangu."

Njoka alikuja na koti lake, akavuta kiti mpaka bega lake likakaribia la Gatakaa, macho kwenye dirisha jeusi.

"Hii inafanya nini?" aliuliza alipoona mstari wa kwanza.

"Inafungasha barua zako zote pamoja. Nazitia kwenye hii flashi, uende nazo."

"Na hii?"

"Inafuta sanduku."

"Nitajuaje limefutika?"

Gatakaa aliandika mail -u njoka tena, neno kwa neno, mbele yake. Seva ilijibu kwamba hakuna barua.

"Na nakala ya akiba? Najua huwa mnaweka akiba."

"Ipo," alikubali Gatakaa. Akaifungua, akamwonyesha ilipo, akaitoa humo, kisha akaorodhesha kilichobaki. Njoka alisoma orodha nzima kutoka juu mpaka chini, akifuatisha kwa kidole hewani.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

Alirudia. Njoka alitazama, akachukua flashi, akaisukuma ndani kabisa ya mfuko wa koti, akafunga zipu.

"Mtu mwingine atakayekaa kwenye kiti changu," alisema akiwa mlangoni, "mwambie mapema kwamba unaweza kuona."

"Nitamwambia."

Aliitikia kwa kichwa, akashuka ngazi kwenda kuaga wengine.