Litungu la Baba na Spika ya Kibofu

Veronika Magige ni fundi spika hapa Turwa, na kibanda chake kimepakana na changu cha kushona. Spika za makanisa yote ya mji huu hukoroma masikioni mwangu kabla hazijapona. Nimezoea.

Mwaka huu alikuwa na shida moja kubwa. Baba yake, Mzee Magige, hupiga litungu, ala yetu ya Kikurya yenye nyuzi nane na sauti nzito inayotikisa tumbo. Mzee alitangaza kwamba harusi ya mjukuu wake Neema ndiyo ya mwisho kupiga. "Waliokaa nyuma hawanisikii," alisema, "na mkiniwekea spika inakoroma. Naliweka chini." Jambo hilo lilimuuma Veronika hadi akakosa hamu ya kula.

Ndipo binamu yake Vedasto, mwalimu wa fizikia, akaja kunywa chai. Akamwambia kuna wataalamu wanatengeneza utando wa kaboni mwembamba ajabu.

"Ni kaboni hiyo hiyo ya mkaa, dada, ila imepangwa tabaka moja tu. Nyepesi kuliko unyoya, ngumu kuliko chuma. Huenda siku moja koni za spika zikawa hizo."

Koni ni ile karatasi ya spika inayotetemeka. Veronika aliacha chai ipoe. "Sauti nzito haitakoroma?"

"Huenda isikorome. Ila kufika huku, itachelewa."

Haya, tuambie sisi Wakurya kitu kitachelewa, uone. Kesho yake Veronika alisaga mkaa, akauchanganya na gundi, akaipaka koni. Spika ikatoa sauti ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Vedasto alicheka hadi akashika ukuta.

"Umeiongezea uzito, dada. Tunataka wepesi, si weusi."

Wepesi na ugumu. Maneno hayo hayakumtoka kichwani. Siku dume la ng'ombe la harusi lilipochinjwa, akaenda kwa wachinjaji kuomba kibofu. Wanaume wakatazamana, maana kibofu ni mpira wa watoto. Yeye akakipuliza, akakianika juani hadi kikakauka kikawa kinalia kama karatasi, akakikata na kukibandika kwenye spika mahali pa koni. Harufu yake tuiache.

Siku ya harusi mzee akakaa kwenye kigoda, kipaza sauti mbele yake, akagusa uzi mnene. Sauti ikatoka safi. Ikawapita wageni, ikavuka zizi, ikawafikia wapishi, nao wakaacha sufuria wakaja wakicheza. Furaha ilinipanda nikaruka hadi gauni nililolishona mwenyewe likachanika ubavuni, na sikujali.

Wimbo wa tatu, kibofu kikapasuka. Spika ikakoroma, watu wakaacha kucheza. Veronika akainamisha kichwa.

Mzee alililaza litungu mapajani. "Kile kilichopasuka kilikuwa cha ng'ombe?"

"Ndiyo, tata," Veronika alimjibu baba yake.

"Na hicho cha mkaa alichokuambia Vedasto kinakuja lini?"

"Sijui, tata. Labda miaka mingi."

Mzee akamwita mchinjaji. "Zile kano za mgongo msiwape mbwa," alimwambia. "Zianikeni. Nataka kulifunga litungu nyuzi mpya."